Kicheko cha Masikio: Vichekesho vya Redio Uingereza, 1922–1960

Vichekesho vya redio vilipozaliwa nchini Uingereza katika muongo wa tatu wa karne ya ishirini, vilikabiliwa na tatizo ambalo jukwaa halikuwahi kuwa nalo, nalo lilikuwa kwamba mzaha uliokwisha kutangazwa usiku mmoja ulisikika nchi nzima kwa pamoja na haukuweza kutumika tena kesho yake. Mchekeshaji wa jukwaani aliweza kuzunguka mji hadi mji kwa miaka mingi akiwa na onyesho moja la dakika kumi na mbili, kwa kuwa kila jioni alikutana na watu wapya. Redio iliyatafuna maonyesho ya namna hiyo kwa wiki moja. Namna watangazaji, waigizaji na waandishi walivyolitatua tatizo hilo kati ya mwaka 1922 na 1960 ndiyo iliyoipa sanaa hiyo umbo lake, kwani walilazimika kutafuta vitu visivyochakaa kwa kurudiwa, yaani sauti inayotambulika, mhusika anayejulikana na usemi ambao msikilizaji anausubiri kabla haujatamkwa.

Kampuni ya Utangazaji ya Uingereza, ambayo ndiyo chanzo cha shirika la BBC, ilianza matangazo ya kila siku jijini London tarehe 14 Novemba 1922, ikiwa mali ya watengenezaji wa redio waliotaka kuwepo na jambo la kusikilizwa ili vifaa vyao vinunuliwe. Tarehe 1 Januari 1927 ikageuzwa kuwa shirika la umma chini ya John Reith, Mskoti mwenye msimamo mkali wa kidini, likiendeshwa kwa ada ya leseni ya shilingi kumi kwa mwaka ambayo kila mwenye redio alitakiwa kuilipa, bila matangazo ya biashara. Burudani ya watu wa kawaida wakati huo ilikuwa mikononi mwa wenye kumbi za vichekesho na nyimbo, ambao waliiona redio kuwa mshindani anayetoa bure kile wanachokiuza wao mlangoni, na kwa hiyo wengi wao waliweka katika mikataba yao sharti la kuwakataza wasanii kutangaza. Wasanii wenyewe nao walikuwa na hofu yao, kwa sababu walielewa kwamba dakika chache mbele ya kipaza sauti zingeweza kuteketeza mtaji wa maisha yao yote.

Kulikuwa pia na ugumu wa kiufundi na wa kisanii. Studio za awali zilikuwa vyumba vilivyofunikwa mapazia mazito ili kuzuia mwangwi, na ndani yake mchekeshaji alisimama peke yake bila hadhira, akitoa mzaha na kupokea kimya. Sehemu kubwa ya ucheshi wa jukwaani ilitegemea mwili, kama vile kofia, mwendo, uso uliokunjwa au suruali iliyolegea, na yote hayo yalipotea hewani. Waliofaulu mapema ni wale walioelewa kwamba redio huzungumza na mtu mmoja aliyeketi nyumbani kwake. John Henry, mchekeshaji mwenye lafudhi ya Yorkshire aliyesimulia kwa sauti ya unyonge na taratibu masaibu yake mikononi mwa mke wake Blossom, alipata umaarufu kupitia redio tangu mwaka 1923, na kwa kawaida anahesabiwa kuwa nyota wa kwanza wa vichekesho aliyezaliwa na chombo hicho. Mabel Constanduros, aliyeanza kutangaza mwaka 1925, aliibuni familia ya akina Buggins, watu wa tabaka la chini wa London, na yeye mwenyewe akaigiza sauti za wanafamilia kadhaa, akiwemo bibi mlalamishi. Jambo hilo lisingewezekana jukwaani, ambako macho yangemwona mtu mmoja tu. Redioni masikio yaliona nyumba nzima.

Pamoja na mafanikio hayo, vichekesho vilibaki pembeni katika miaka ya 1920, kwa sababu Reith aliamini kwamba wajibu wa utangazaji ni kuelimisha na kuadilisha kabla ya kustarehesha. Siku ya Jumapili ilitengwa kwa ibada, mihadhara na muziki wa heshima, na matokeo yake ni kwamba mamilioni ya wasikilizaji walihamia vituo vya ng'ambo, hasa Radio Normandy iliyorusha matangazo kutoka Ufaransa na Radio Luxembourg iliyoanza vipindi vya Kiingereza mwaka 1933, ambavyo vyote viwili viliishi kwa matangazo ya biashara na kwa hiyo havikuwa na sababu ya kuogopa kicheko. Mwaka huo huo wa 1933 BBC iliunda idara maalumu ya burudani mchanganyiko chini ya Eric Maschwitz na kuchukua ukumbi wa St George's Hall, ili wachekeshaji watangaze mbele ya hadhira. Hadhira ya studioni ilikuwa na kazi mbili: ilimpa mwigizaji kipimo cha muda, kwa kuwa alijua asubiri kiasi gani kabla ya kuendelea, na ilimpa msikilizaji aliye peke yake hisia ya kucheka pamoja na wenzake.

Hatua kubwa iliyofuata ilikuja tarehe 5 Januari 1938, kilipoanza kipindi cha Band Waggon chenye waigizaji Arthur Askey na Richard Murdoch. Kabla yake vipindi vya burudani vilikuwa mkusanyiko wa wasanii wasiohusiana, kila mmoja akija na kuondoka. Hiki kilirudi kila wiki siku ile ile, kikiwa na watu wale wale. Baada ya matangazo machache ya mwanzo kuonekana dhaifu, ilibuniwa hadithi kwamba Askey na Murdoch wanaishi katika nyumba iliyo juu ya paa la jengo la BBC wakiwa na mbuzi aitwaye Lewis. Nyumba hiyo haikuwepo, na mbuzi hakuwepo, lakini wasikilizaji waliwafahamu vizuri kuliko majirani zao. Kwa mara ya kwanza mzaha ulipata makazi ya kudumu, na mwandishi hakulazimika tena kuanza kila wiki kutoka sifuri, kwa sababu kilichochekesha wiki iliyopita kiligeuka kuwa msingi wa kicheko cha wiki hii.

Kipindi kilichoutumia ugunduzi huo kwa ukamilifu ni It's That Man Again, maana yake "Ni yule bwana tena", usemi ambao magazeti yaliutumia kila Hitler alipoleta dai jipya. Kilijulikana zaidi kwa herufi zake nne, ITMA. Nguzo zake zilikuwa tatu: Tommy Handley, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa redioni tangu miaka ya 1920 na mwenye uwezo wa kusema kwa kasi kubwa bila kukwama, Ted Kavanagh, mwandishi aliyetoka New Zealand, na Francis Worsley, mtayarishaji. Matangazo ya majaribio yalianza tarehe 12 Julai 1939, na vita vilipozuka Septemba mwaka huo, serikali ikafunga kwa muda majumba yote ya starehe kwa kuhofia mabomu, redio ikabaki kuwa burudani pekee ya taifa lililokaa gizani. Idara ya burudani ilihamishiwa Bristol, na mashambulizi ya ndege yalipoufikia mji huo ikapelekwa mwaka 1941 Bangor, kaskazini mwa Wales, ambako ilikaa hadi mwaka 1943.

Muundo wa ITMA ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kuutekeleza. Handley alikuwa kitovu, akishika cheo fulani cha kubuni, kwa mfano Waziri wa Usumbufu na Mafumbo, dhihaka iliyozilenga wizara nyingi zilizoundwa na serikali ya vita. Mlango ulisikika ukifunguliwa, mhusika akaingia, akatamka maneno yake maalumu, akabadilishana mizaha michache na Handley, kisha mlango ukafungwa na mwingine akaingia. Maneno hayo maalumu, ambayo hapa yanaweza kuitwa kibwagizo, ndiyo yaliyowasaidia wasikilizaji kumtambua mhusika ndani ya sekunde moja. Bi Mopp, mwanamke wa usafi aliyeigizwa na Dorothy Summers, aliuliza kila alipoingia kama anaweza kumshughulikia bwana sasa. Kanali Chinstrap, mlevi aliyeigizwa na Jack Train, alisikia katika kila sentensi mwaliko wa kunywa na akaukubali kwa adabu. Train ndiye pia aliyekuwa Funf, jasusi wa Kijerumani aliyepiga simu za vitisho, na sauti yake ya kuogofya ilipatikana kwa kuzungumza ndani ya glasi. Katika nchi iliyoonywa kila siku kuhusu majasusi, jasusi wa glasi aliupunguza woga bila kuukana.

Vibwagizo hivyo vilitoka redioni na kuingia viwandani, katika mahandaki ya kujikinga na mabomu na katika vikosi vya jeshi, hata watu wasiofahamiana wakaweza kusalimiana kwa maneno ya Bi Mopp wakaelewana papo hapo. Tarehe 21 Aprili 1942 kikundi hicho kiliitwa kuonyesha katika kasri la Windsor siku ambayo Binti Mfalme Elizabeth alitimiza miaka 16, jambo linaloonyesha kwamba kicheko kile kilivuka matabaka yaliyotengana sana katika mambo mengine. Hata hivyo ITMA ilikuwa pia kioo cha dola la kikoloni. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, Handley alifanywa gavana wa Tomtopia, koloni la kubuni kisiwani, ambako alikutana na chifu mwenyeji aliyepewa jina la Bigga Banga, na mzaha ulijengwa juu ya lugha yake isiyoeleweka. Msikilizaji wa London wa wakati huo hakuulizwa kama watu waliotawaliwa wangecheka pamoja naye. Kwa mwanahistoria kipengele hicho kina uzito sawa na ushujaa wa miaka ya mabomu, kwa sababu vichekesho huhifadhi yale ambayo jamii iliyaona ya kawaida kiasi cha kutoyafikiria.

Handley alifariki ghafla tarehe 9 Januari 1949, na BBC ikakifunga kipindi mara moja badala ya kumtafutia mrithi. Ibada za kumkumbuka zilifanyika katika kanisa kuu la St Paul's jijini London na katika kanisa kuu la Liverpool, heshima ambayo hakuna mchekeshaji wa redio aliyekuwa ameipata kabla yake. Udhaifu wa ITMA ulidhihirika baadaye: kwa kuwa Kavanagh aliandika kwa kufuata habari za wiki hiyo hiyo, miswada yake, yaani maandishi ambayo waigizaji waliyasoma mbele ya kipaza sauti, leo inahitaji maelezo karibu kila mstari.

Kizazi kilichofuata kilitoka jeshini. Vijana waliokuwa wamewachekesha wanajeshi wenzao Afrika Kaskazini, Italia na Asia walirudi London wakitafuta kazi, nao waliikuta BBC ikiwa na wingi wa vipindi na pia wingi wa makatazo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 shirika hilo lilitoa mwongozo kwa waandishi na watayarishaji wa burudani, uliojulikana kama Kitabu cha Kijani, ambao ulipiga marufuku mizaha kuhusu vyoo, wanaume wenye mwenendo wa kike, maharusi walio fungateni, nguo za ndani za wanawake na hata tabia za sungura. Waandishi walijibu kwa werevu wa lugha. Frank Muir na Denis Norden, walioandika kipindi cha Take It From Here kuanzia mwaka 1948, walikijaza michezo ya maneno na dhihaka za filamu, na kutokana nacho ikatokea mwaka 1953 familia ya akina Glum, iliyokebehi familia nyingine zote za redioni kwa sababu ndani yake hakukuwa na mtu mwema hata mmoja. Imani ya wasikilizaji katika sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1950 kilifaulu kipindi cha Educating Archie, ambacho nyota wake alikuwa mwanasesere wa mbao wa Peter Brough, msanii wa kuzungumza bila kutikisa midomo, ufundi ambao kwa mantiki ya kawaida hauna maana yoyote mahali ambapo midomo haionekani.

Uhuru wa redio dhidi ya macho ulifikishwa mwisho wake na The Goon Show, iliyoanza tarehe 28 Mei 1951 kwa jina la Crazy People na kuendelea hadi Januari 1960. Mwandishi wake mkuu, Spike Milligan, alizaliwa India mwaka 1918, mtoto wa askari wa Kiayalandi katika jeshi la Uingereza. Yeye na Harry Secombe walikuwa wapiga mizinga katika vita vya Tunisia, na wote wawili walisimulia baadaye kwamba walikutana pale mzinga wa kikosi cha Milligan ulipoporomoka kutoka juu ya mwamba na kuangukia karibu na alipokuwa Secombe, na Milligan akaja kuuliza kama kuna aliyeuona. Pamoja nao walikuwa Peter Sellers, aliyeweza kugeuza sauti yake kuwa ya watu kadhaa ndani ya dakika moja, na katika miaka ya mwanzo Michael Bentine. Urafiki wao ulikomaa katika baa ya Jimmy Grafton, eneo la Victoria jijini London, ambako walijaribiana mizaha kabla ya kuipeleka studioni.

Milligan alitambua kwamba redio haina gharama ya mapambo wala sheria za maumbile. Katika kipindi cha mwaka 1955 kuhusu piano ya Napoleon, mhusika Neddie Seagoon anaiba piano kutoka Ufaransa na kuivusha bahari akiwa ameipanda kama chombo, na msikilizaji anakubali kwa sababu anasikia maji na anasikia vinanda. Sauti za kuigiza, ambazo hapo awali zilikuwa mlango, kengele na nyayo, zilifanywa mhusika kamili: mlipuko ulipangiwa urefu na mahali pake katika mswada kama inavyopangwa sentensi, na mafundi mitambo walilazimika kuchanganya kanda na santuri kwa njia ambazo hawakuwahi kuzijaribu. Kituo cha BBC cha kubuni sauti za kielektroniki, kilichoanzishwa mwaka 1958, kilifanya baadhi ya kazi zake za mwanzo kwa ajili ya kipindi hicho. Gharama yake kwa mwandishi ilikuwa nzito. Kuandika kila wiki kulimchosha Milligan hadi akili yake ikaugua mwishoni mwa mwaka 1952, akalazwa hospitalini, na maradhi hayo yakamsumbua tena na tena maishani. Tatizo la redio kula mizaha, ambalo wachekeshaji wa miaka ya 1920 waliliogopa kwa sababu ya riziki yao, kwake yeye lilikula afya.

Njia ya kinyume ilichukuliwa na Hancock's Half Hour, iliyoanza tarehe 2 Novemba 1954. Waandishi wake, Ray Galton na Alan Simpson, walikutana wakiwa vijana katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Milford, mkoa wa Surrey, ambako walisikiliza redio kwa muda mrefu na kuanza kuandikia kituo cha ndani cha wagonjwa. Walimtungia Tony Hancock mhusika mwenye jina lake mwenyewe, mtu mwenye majivuno yasiyo na msingi anayeishi katika nyumba chakavu ya mtaa wa kubuni uitwao Railway Cuttings, akizungukwa na marafiki wanaomdanganya, wakiongozwa na Sid James, mzaliwa wa Afrika Kusini. Hancock alizidi kuvikataa vibwagizo na sauti za ajabu, kwa hoja kwamba kicheko kinapaswa kutoka katika tabia ya mtu. Katika kipindi cha mwaka 1958 kuhusu alasiri ya Jumapili nyumbani, karibu hakuna linalotokea: mvua inanyesha, watu wanapiga miayo, na kimya kinaachwa kirefu. Kimya redioni kwa kawaida huhesabiwa kuwa hitilafu ya mitambo. Hapo kilikuwa mzaha wenyewe, na wasikilizaji waliojua Jumapili za Kiingereza zilivyo walikielewa bila msaada. Aina hii ya kipindi, chenye wahusika wa kudumu na hadithi kamili inayoanza na kwisha kila wiki, ndiyo iliyorithiwa na televisheni duniani kote.

Televisheni ilikuwa tayari mlangoni. Kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Juni 1953 kuliwafanya watu wengi kununua seti, na televisheni ya kibiashara ilianza tarehe 22 Septemba 1955. Hancock mwenyewe aliingia katika televisheni mwaka 1956, kipindi chake cha redio kikakoma mwaka 1959, na mwezi uliofuata The Goon Show nayo ikafungwa. Vichekesho vya redio viliendelea baada ya hapo, lakini havikuwa tena mahali ambapo taifa zima lilikutana kwa saa moja.

Kilichobaki ni kumbukumbu, nayo ilihifadhiwa kwa njia mbili zisizo sawa. Njia ya kwanza ni vinywa vya watu. Marafiki waliokuwa watoto wakati wa vita waliendelea hadi uzeeni kuitana kwa sauti za Bi Mopp au za Eccles, mpumbavu mwenye furaha wa Milligan, na neno moja lilitosha kuwarudishia chumba, wazazi na redio iliyokuwa mezani. Njia ya pili ni santuri na kanda. Vipindi vingi vya awali vilitangazwa moja kwa moja vikapotea, kanda zilifutwa ili zitumike tena, na ni sehemu ndogo tu ya ITMA inayosikika leo. Vipindi kadhaa vya Hancock navyo havipo, hata BBC ikaamua kuanzia mwaka 2014 kuvirekodi upya kwa kutumia miswada iliyosalia. The Goon Show ilinusurika zaidi kwa sababu idara ya BBC iliyouza vipindi ng'ambo ilivitia kwenye santuri kwa ajili ya vituo vya nje. Tarehe 30 Aprili 1972, Milligan, Sellers na Secombe walikusanyika tena katika ukumbi wa Camden Theatre kurekodi kipindi kimoja cha kuadhimisha miaka 50 ya BBC, na kilichosikika hapo kilikuwa kikundi cha marafiki wazee wakichekeshana wenyewe kama vile hadhira imealikwa kusikiliza tu.

Historia hiyo ina funzo la moja kwa moja kwa Afrika Mashariki, ambako redio ilianza Nairobi mwaka 1928 kwa ajili ya walowezi, Sauti ya Dar es Salaam ikafuata mwaka 1951, na baadaye wasikilizaji wa Kiswahili wakapata wachekeshaji wao wenyewe, kama Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, wanaokumbukwa kwa sauti na visa vyao hadi leo. Sauti hudumu katika vinywa vya waliosikia kwa muda wa kizazi kimoja au viwili, kisha hutoweka na wenyewe. Mashirika ya utangazaji yenye kanda za zamani yanapaswa kuziorodhesha na kuzinakili katika mifumo ya kidijitali kabla hazijaoza, na wanaowakumbuka waigizaji, waandishi na mafundi mitambo wa kipindi hicho wahojiwe wakiwa bado hai, kwa sababu kanda iliyofutwa haina nakala nyingine.